Mtunza Viatu vya Theluji

Nilimkasirikia mtu mmoja kwa miaka minane, na katika miaka hiyohiyo nilimpelekea uji kila alipougua. Misheni nzima ilimwita Mzee wa Stoo, na hata alipokwisha kunyang'anywa funguo za stoo jina lilibaki naye. Mimi nilikuwa nesi wa zahanati pale, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Igowole, na chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali. Nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akisali kwa Kibena, lugha aliyoamini Mungu anaielewa bila kusumbuka. Na kila Jumamosi asubuhi nilimsikia akisugua viatu.

Viatu hivyo havikuwa vyake, na Mufindi nzima hakuna ambaye angevivaa akaenda navyo popote. Vilikuwa vya Mchungaji, mzungu kutoka nchi moja ya kaskazini ya Ulaya ambako, tuliambiwa, theluji inalala chini nusu ya mwaka na watu wanateleza juu yake kwa mbao mbili ndefu. Alipokuja kufanya kazi kwetu alifungasha nyumba yake yote katika makasha, na mbao na viatu vikaja humo humo pamoja na vijiko. Viatu vilikuwa vya ngozi nene, nyeusi, inayopanda juu ya kifundo cha mguu. Soli ilitokeza mbele kama mdomo wa bata, na chini ya mdomo huo kulikuwa na matundu matatu. Juu ya kila ubao kulikuwa na chuma chenye pini tatu fupi. Unaingiza matundu kwenye pini, unakandamiza kibanio cha chuma, basi, mguu umeshikwa. Lakini umeshikwa mbele tu. Kisigino kinaachwa kinyanyuke kinavyotaka, ili mtu aweze kukata kona huku amepiga goti moja.

Hilo la goti lilimpendeza sana Mzee wa Stoo. Alilieleza kwa kila mgeni, hata kwa wagonjwa wangu waliokuwa wakingoja sindano: kwamba kuna Wakristo wanaoteremka mlima mzima wamepiga goti. Wagonjwa waliitikia kwa adabu. Wengi walidhani amechanganyikiwa.

Nilimwona Mchungaji akizijaribu mbao zile mara moja tu. Ilikuwa masika, nyasi za mteremko chini ya kanisa zimelowa chepechepe, naye akatangaza kwamba nyasi zenye maji zinafaa. Aliteleza hatua kumi hivi, akaangukia kwenye maharage ya mpishi. Wachuma chai waliokuwa wakipita barabarani waliweka vikapu chini ili wacheke vizuri. Sisi tulikimbilia kumwinua Mchungaji, tukamkuta Mzee wa Stoo keshafika kabla yetu, ameinama miguuni pake anaondoa tope kwenye mishono ya viatu kwa ncha ya kidole. Hakuuliza kama mtu ameumia. Ndivyo alivyokuwa, na msinidhanie namsifia.

Mchungaji alipoondoka kwa likizo ya mwaka mmoja alimwachia kazi ya kutunza vile viatu na vyuma vyake, akamwonyesha kila kitu, na Mzee akakishika chote kichwani kama katekisimu. Kwanza kitambaa chenye unyevu, kamwe si maji ya kumwaga. Kisha kivulini, mbali na moto. Kisha mafuta, kwa vidole na si kwa brashi, kwa sababu kidole kinasikia ngozi ilipokauka. Kopo la mafuta aliloachiwa lilipokwisha alijitengenezea mengine: nta ya nyuki aliyoinunua kwa warina asali, akaiyeyusha na mafuta ya nyonyo. Zahanati ndiyo iliyokuwa na mafuta ya nyonyo, na mwaka mzima nilikuwa nikishangaa chupa zangu zinavyopungua. Nilipomuuliza alikiri papo hapo, akaleta kuku.

Ndani ya viatu alijaza magazeti yaliyokunjwa. Alijaribu majani makavu, panya wakazaa humo, akarudi kwenye magazeti. Ukungu ulipoota wakati wa mvua aliufuta kwa siki. Mbao alizining'iniza darini kwa waya uliozungushiwa kitambaa cha mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Zile pini tatu na kibanio alivipaka mafuta ya cherehani kwa unyoya wa kuku, kisha akavipangusa tena, kwani mafuta yakizidi yanakamata vumbi, na vumbi likikaa linakula chuma. Alikuwa na desturi nyingine ambayo nilichelewa kuielewa. Soli ya namna ile ikiachwa wima miezi mingi mdomo wake hukunjika kwenda juu, na ukikunjika matundu hayakai tena kwenye pini. Kwa hiyo kila Jumamosi alivibana viatu kwenye vyuma vyake, na kila Jumatano alivifungua ili kibanio kisichoke. Alinyoosha na kupumzisha, wiki baada ya wiki, kwa miaka minane.

Aliharibu mara moja tu. Baridi ya Juni ilikuwa kali, kila kitu chumbani kimelowa, naye akaviweka viatu karibu na jiko kwa muda wa kula ugali. Ulimi wa kiatu cha kushoto ukapasuka, ufa wa urefu wa njiti ya kiberiti. Alipanda basi hadi Iringa mjini kumtafuta fundi mmoja wa Kihesa aliyesifiwa kwa mkono mwepesi, akasimama juu yake siku nzima mpaka kiraka kikamalizika. Aliporudi alikaa wiki mbili bila kuwasha moto chumbani. Mkewe ndiye aliyetetemeka.

Na miguu yake mwenyewe! Hapo ndipo nilipokuwa nikitamani kumpiga. Alivaa makatambuga ya tairi mwaka mzima, na visigino vyake vilikuwa na magaga yanayoweza kumeza sarafu. Nilimpa mafuta ya mgando, akayapeleka kwenye viatu. Nilimsafisha kidonda cha unyayo kwa miezi mitatu, nikamwambia asikanyage umande, nikamkuta kesho yake yuko peku kwenye nyasi anatafuta skrubu moja ya kibanio iliyomponyoka. Skrubu ilipatikana. Kidonda kikaanza upya.

Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa vitu. Alikusalimu, "Kamwene," halafu akakuangalia mikono kama umeshika kitu cha misheni. Alichukia anayefunga mlango kwa kishindo, anayekata kamba pale ambapo angeweza kuifungua, anayesema "kitatengenezwa kesho." Msimu wa ulanzi ulipofika alikunywa waziwazi, akiuita maji ya mianzi, na Jumatatu alikuwa na macho mekundu. Kwa hilo, ambalo alilitenda, hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kumwita. Walimtenga kwa jambo ambalo hakulitenda.

Nalieleza sasa, maana bila hilo viatu vile ni kichekesho tu.

Wiki moja kabla Mchungaji hajaondoka, lori moja liliharibika kwenye barabara kuu. Lilikuwa limebeba familia tatu za wafugaji kutoka kaskazini, wanahamia Usangu, na watoto wao walikuwa na nguo za nchi ya joto. Mchungaji aliwakuta wamejikunyata chini ya turubai. Akarudi mbio misheni, akamwamuru Mzee wa Stoo afungue stoo, wakachukua mablanketi kumi na mawili yaliyokuwa yametengwa kwa ajili ya wodi, wakawapelekea. Asubuhi lori likatengenezwa, likaenda zake. Mchungaji naye akapanda ndege bila kumwambia mtu, kwa kuwa kwake yeye lilikuwa jambo dogo.

Baridi ilipoingia wodi ikadai mablanketi yake. Hayakuwepo. Mzee akasema aliyatoa kwa amri ya Mchungaji, na wazee wa kanisa wakatazamana. Mchungaji mwenyeji aliyeshika nafasi ya yule mzungu alisema ni rahisi kumtwika mzigo mtu aliyekwisha kuvuka bahari. Wafugaji walikuwa Usangu, nani angewapata? Mimi wiki ile nilikuwa kwetu kwa msiba, sikuona kitu. Nilimwamini Mzee, lakini imani yangu haikuwa ushahidi.

Wakampa njia ya kawaida. Asimame mbele Jumapili, akiri, atubu, usharika umpokee, yaishe. Wazinzi walifanya hivyo, walevi walifanya hivyo, wakarudishwa kundini na mchana wakala wali. Mzee alikataa. Akatengwa: hakuna Chakula cha Bwana, hakuna kusimamia mtoto ubatizoni, na akifa hakuna mchungaji wala kengele wala nafasi katika makaburi ya kanisa. Funguo wakampa mtu mwingine. Chumba walimwachia kwa huruma ya mkewe, aliyekuwa mwimbaji mzuri.

"Mchungaji akirudi atasema," aliniambia. "Na kabla ya kusema ataviangalia viatu. Akikuta viatu vyake viko salama, atajua mimi ni yule yule."

Ndiyo maana ya kusugua kule. Vile viatu ndivyo vilivyokuwa kesi yake. Aliamini kwamba mtu anayelinda kitu kisicho chake, kisichovalika, asichoombwa hata na mke wake kukiuza, hawezi kudhaniwa mwizi wa mablanketi. Mimi nilimwona mjinga. Wazee wa kanisa walipita mlangoni pake kila Jumamosi wakamwona anapaka mafuta, na mmoja wao alisema hadharani kwamba yule anawaoshea viatu wazungu kwa sababu dhamiri inamsumbua.

Mwaka wa likizo ukaisha, Mchungaji hakurudi. Alipewa kazi kwao. Nikamwambia Mzee, tuandike barua, Mchungaji anasoma Kiswahili vizuri, mistari minne inatosha. Akakubali kwa furaha. Tukakaa mezani kwangu, nikashika kalamu, akaanza kunitajia: salamu kwa Mchungaji, salamu kwa mama, salamu kwa watoto kila mmoja kwa jina, sisi hatujambo isipokuwa baridi, mahindi yamekubali, viatu ni vizima na kibanio cha kulia hakina kutu. Nikangoja. Akasema, andika hivi: *mambo mengine madogo tutaongea ukifika.*

Nikaweka kalamu chini. Nilimwambia hayo si madogo, hayo ndiyo barua yenyewe. Alinitazama kama nimemtukana mkwe wake. Kwao, na kwetu pia, nisijitie usafi, mtu humwandikii rafiki aliye mbali habari ya aibu. Unampelekea uzima. Shida inasemwa ana kwa ana, mkiwa mmekaa, baada ya chakula. Kumwandikia mtu "unidhamini" ni kumshitaki kwamba alikuacha. Tuliandika barua tatu katika miaka ile, zote za namna hiyo, na kila moja alinitaka niisome kwa sauti kabla ya kuibandika. Ningeweza kuongeza mstari mmoja baada ya kuisoma. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na bahasha wazi, yeye alikuwa amekwenda kuchota maji. Sikuongeza. Hilo nililiita heshima, na mpaka leo nikilikumbuka neno hilo linanichefua.

Majibu yalikuja kwa kadi zenye picha ya milima myeupe. Mchungaji alifurahi kusikia sote ni wazima.

Mkewe alikufa katika mwaka wa nne, kwa kifua, mikononi mwangu. Alizikwa na kanisa, kwa kengele na kwaya, kwa sababu yeye hakuwa ametengwa. Mzee aliruhusiwa kutia udongo. Kisha mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye sauti ya upole, alimvuta pembeni chini ya mikaratusi akamweleza kwamba nafasi ile iliyo kando ya mama haiwezi kuwekwa kwa ajili yake, labda akitubu. Wangezika kwa mpangilio, atakayetangulia apewe. Ilikuwa siku ileile, udongo bado uko kwenye kucha zake.

Kaburi la mkewe lilikuwa la pili kutoka mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari ni ua. Kwa hiyo ilikuwepo nafasi moja, basi. Lakini makaburi yalikuwa na mstari mwingine uliokuwa haujajaa, na Mungu anisamehe kwa kulisema, kila tulipofiwa Mzee alikuja mapema kuona shimo limechimbwa wapi. Akiona ni mstari ule mwingine, mabega yalishuka kwa nafuu. Watu walisema amegeuka mchawi, anapenda vifo. Miaka minne alifanya hivyo. Nilimsihi atubu. Nilimwambia kwa hasira kwamba mkewe angependa awe mwongo kando yake kuliko mkweli porini. Hakunisalimu mwezi mzima.

Mchungaji alirudi mwaka ule ambao sabuni na sukari vilikuwa adimu. Alikuja kwa siku moja, na wageni saba kutoka kwao, njiani kwenda Mbeya. Tulikuwa na taarifa ya wiki mbili. Mzee alipaka viatu mafuta kila siku, akatoa mbao darini, akazifuta, akavaa koti la marehemu kaka yake. Alisimama mlangoni kwake tangu saa moja asubuhi. Gari lilifika saa tano.

Nilikuwepo, kwa hiyo nasema nilichokiona. Mchungaji alimkumbatia. Alivichukua viatu, akavinusa, akakunja soli, akaibana kwenye pini, ikaingia bila kulazimishwa, na machozi yakamtoka yule mzungu mzee. Aliwaita wageni wake wote wavishike. Mzee akangoja wamalize. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka minane, akasema bila salamu.

"Mchungaji, yale mablanketi ya wale wa Usangu. Wanasema niliiba. Waambie."

Mchungaji alikunja uso, akakumbuka. Alikumbuka vizuri, hata rangi ya turubai. Akasema masikini, pole sana, ni mimi niliyetoa, nitawaambia leo leo kwenye chakula. Alimshika bega alipokuwa akisema. Nami nikalia, mjinga mimi, nikakimbia kuvaa gauni safi.

Kwenye chakula Mchungaji alisimama kuhutubia. Alishika kiatu kimoja juu, watu wote wakione. Akasimulia jinsi mtumishi mwaminifu alivyokitunza mahali pasipo theluji, akasimulia ile siku ya maharage, watu wakacheka, wazee wa kanisa wakapiga makofi kuliko wote. Ikawa hadithi nzuri sana. Ilikwisha, akakaa, wageni wakatazama saa. Nilimfuata garini nikiwa bado na sahani mkononi, nikamwambia hukusema. Alijishika kichwa. Akaahidi ataandika barua kwa wazee wa kanisa mara akifika. Nilimwambia aandike sasa, nina kalamu. Dereva alikuwa amewasha gari. Akasema barua ya haraka isingekuwa ya heshima.

Viatu na mbao hakuvichukua. Alimwambia Mzee kwamba siku hizi kwao wana vya aina mpya, vyepesi, hivyo vibaki viwe ukumbusho.

Tulingoja barua kuanzia mavuno hadi mvua. Ikaja bahasha ya picha: Mzee wa Stoo amesimama na kiatu, akionekana kama mtu aliyekamatwa nacho. Nyuma ya picha walituma salamu.

Baada ya hapo Jumamosi chumba cha pili kilikuwa kimya. Mwezi Mei tukamzika fundi seremala, na mstari ule mwingine ukajaa. Kesho yake Mzee alikuja kwangu mchana, akakataa kiti.

"Imebaki ile moja," akasema. "Nesi mwanangu, Jumapili usisimame. Usiseme kitu. Niahidi."

Nikamwambia siahidi. Akaendelea kusimama mlangoni, makatambuga mguuni, kidonda kinavuja, mpaka nikaahidi.

Jumapili hiyo walitubu watu watatu, yeye wa mwisho. Alisimama mbele ya madhabahu amevaa lile koti. Mchungaji mwenyeji akamuuliza kosa lake, akasema aliiba mablanketi kumi na mawili. Akaulizwa aliyapeleka wapi. Hilo hakuwa amelitayarisha. Mtu yule hakujua kudanganya, hakuwa na mazoezi, na kanisa zima lilimsubiri huku midomo yake ikitafuta neno.

"Niliuza."

Kwa nani?

"Nimesahau."

Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ndivyo wezi walivyo, husahau. Mchungaji mwenyeji akatugeukia, akauliza kama tunampokea ndugu yetu aliyepotea. Mzee aliinua macho, akanitafuta kwenye viti vya wanawake mpaka akaniona. Watu wote wakajibu, na mimi nikajibu pamoja nao, kwa sauti, ili asikie: tunampokea.